Kasha la Hofu: Safari ya Bima ya Nyumbani kutoka Malindi hadi Bermuda

Kwenye diko la samaki Malindi, mizani hupima vitu viwili kwa mpigo mmoja. Cha kwanza kila mtu anakiona: changu, tafi na nguru waliopandishwa ufukoni kabla jua halijawa kali. Cha pili hakionekani. Tajiri anayenunua samaki wale ndiye aliyemkopesha nahodha nyavu na injini. Ndiye aliyetoa pesa za unga kusi ilipochafua bahari mwezi wa sita na vyombo vikalala mchangani. Ndiye atakayegongewa mlango usiku mtoto wa baharia akishikwa na homa. Kwa yote hayo haandiki mkataba wala hatozi riba. Hujilipa pale pale mizanini, kwa kununua kilo chini ya bei ya soko, na mvuvi mwenye deni lake haendi kumuuzia mwingine.

Waulize wawili hao kama wamekata bima, watacheka. Lakini ile tofauti ya shilingi kati ya bei ya tajiri na bei ya soko ndiyo ada ya bima, nayo hulipwa kila siku chombo kinapotoka. Hasara ya msimu mbaya hubebwa na tajiri, na ziada ya msimu mwema humrudia yeye. Kasha ni lake na ufunguo ni wake.

Nimekuwa nikilifikiria kasha hilo kwa muda, kwa sababu kuna tawi la bima lililokua mno tangu miaka ya 1950 ambalo kazi yake yote ni kujibu swali la nani ashike ufunguo. Kampuni kubwa, au kundi la watu wa biashara moja, wakichoka kuwalipa ada wenye bima wa mbali, huunda kampuni ya bima iliyo yao, ikalinda mali zao wenyewe. Ada hutoka mfuko wa kulia ikaingia wa kushoto. Mwaka ukipita salama, akiba hubaki nyumbani. Moto ukiwaka, fidia hutoka humo humo, na hasara iliyozidi kimo cha kasha husukumwa kwa makampuni ya bima mtawanyo, yaani wale wanaowakatia bima wenye bima. Kwa Kiingereza kampuni ya namna hii huitwa captive, yaani mateka. Neno hilo halina utamu kwenye pwani iliyowahi kuuza watu, kwa hiyo mimi nitaiita bima ya nyumbani.

Bima yenyewe, kama neno, ilitujia kwa majahazi. Wahindi wanalo, Waajemi wanalo, na kwa Kiajemi neno hilo ni ndugu ya bim, yaani hofu. Sijui lugha nyingine iliyoita kitu hiki kwa jina la kweli zaidi. Anayekata bima huuza hofu yake, na aliyeinunua hutumaini kwamba ilikuwa hofu ya bure.

Wafanyabiashara wa zamani wa Malindi hawakuwa na mtu wa kumuuzia. Walichokuwa nacho ni mudharaba: mmoja hutoa mtaji, mwingine hutoa safari, faida wakagawana kwa mafungu waliyokubaliana. Bahari ikimeza mzigo bila uzembe wa msafiri, mwenye mtaji hupoteza mtaji wake na msafiri hupoteza jasho lake, wala hakuna wa kumdai mwenzake. Mabaharia nao walilipwa kwa mafungu, si kwa mshahara. Alan Villiers, Mwaustralia aliyepanda jahazi la Kuwait mwaka 1938 akaja nalo hadi Lamu, Mombasa, Zanzibar na Rufiji, aliukuta utaratibu huo ungali hai: mabaharia wana deni kwa nahodha, nahodha ana deni kwa matajiri wa Kuwait, na kila mmoja analibeba fungu lake la hofu ya mwenzake. Twiga aliyepelekwa China kutoka Malindi mwaka 1415 angemkosesha usingizi mkadiriaji hasara yeyote wa leo, lakini hata safari ile ilifunikwa kwa njia hiyo hiyo: aliyemtuma alijibebea mwenyewe.

Vasco da Gama alitia nanga Malindi Aprili 1498, akapewa rubani wa kumvusha hadi Calicut. Nguzo ya Wareno bado imesimama kwenye rasi, na watalii bado hupigia picha mgongo wake. Jambo lisilosimuliwa pale ni kwamba Wareno walikuja kutoka nchi iliyokuwa imeshajaribu bima ya nyumbani karne moja kabla. Katika karne ya 14 Mfalme Fernando wa Ureno aliwaamuru wenye merikebu kubwa wa Lisbon na Porto watoe sehemu ndogo ya mapato yao kwenye mfuko wa pamoja. Aliyezamishiwa merikebu alifidiwa kutoka mfuko ule. Wenye vyombo wenyewe ndio wenye kasha. Wakati huo huo Waitalia wa Genoa walikuwa wakienda njia ya pili, ile ya kumuuzia hofu mtu wa nje kwa maandishi. Mkataba mmoja wa Genoa wa mwaka 1347 huhesabiwa kati ya mikataba ya bima ya zamani zaidi iliyobaki. Njia mbili hizo, ya Lisbon na ya Genoa, zimekuwa zikifukuzana tangu hapo.

Bara ya Malindi na Kilifi haikuhitaji kufundishwa na yeyote. Wagiriama wana mweria, ambapo shamba la mmoja hulimwa na wengi, na zamu ya kila mtu hufika. Matanga ya Wamijikenda hulishwa na michango ya ukoo na majirani. Aliyechanga jana huchangiwa kesho, na asiyechanga hukumbukwa. Hakuna kasha la chuma hapo. Kasha ni kumbukumbu za wazee, na ada hukaa kama deni la heshima.

Kasha la namna hiyo lina kimo chake. Mvua ikikosekana kwa nyumba moja, majirani watamlisha; ikikosekana kwa Ganze nzima, jirani naye anatafuta wa kumlisha. Katika njaa za miaka ya 1880 kulikuwa na familia za Wamijikenda zilizopeleka watoto wao kwa matajiri wa mwambao wakawekwe rehani kwa nafaka, na si wote waliokombolewa. Watu walioishiwa na kila kinga walikuta kwamba kitu pekee kilichobaki cha kuweka kashani ni mtoto. Kisha ikaja ile ya 1898 hadi 1900, ambayo wazee waliiita njala ya magunia kwa ajili ya chakula cha msaada kilichokuja kimefungwa humo. Mwanzo wa karne ya 20 uliwakuta watu wakiwa hawana akiba, na serikali ya kigeni ikiwa ndiyo yenye gunia.

Hapa panahitaji kusimama kidogo, kwa sababu ndipo ilipo siri yote ya biashara hii, na wengi huiruka. Bima hufanya kazi pale hasara za watu zinapokuja moja moja, huyu leo na yule mwakani. Hasara zikija kwa wote siku moja, mfuko wa jirani kwa jirani hauna maana. Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Zanzibar, kikavunja merikebu za Sayyid Barghash bandarini na kung'oa mikarafuu kwa maelfu. Hata kama wenye mashamba wa Unguja wangekuwa na kasha la pamoja lililojaa pomoni, lingekauka asubuhi ile.

Tukirudi nyuma kidogo, mwaka 1861 ulikuwa na mambo mawili ambayo hayakujuana. La kwanza lilitokea hapa. Sayyid Majid wa Zanzibar aliamua kuihuisha Malindi iliyokuwa magofu, akaleta askari na walowezi, na mashamba makubwa yakaanza kulimwa mtama na ufuta kwa mikono ya watumwa. Nafaka ilipelekwa Arabuni. Mtaji ulitoka kwa Wahindi waliokopesha kwa rehani ya shamba, na mkopo ndio uliokuwa kinga ya mwenye shamba: mwaka mbaya aliongezewa deni, mwaka mwema alilipa kwa mazao yaliyopunguzwa bei. Mizani ile ile ya diko la samaki, ila kubwa zaidi. Mtumwa aliyelima hakuwa na kasha lolote. Yeye mwenyewe alihesabiwa kuwa mali. Utumwa ulipofutwa kisheria mwaka 1907, wenye mashamba wengi hawakuwa na la kushika isipokuwa hati, na hati nyingi zilikuwa kwa mkopeshaji.

La pili lilitokea London. Juni 1861 maghala ya Tooley Street kando ya mto Thames yaliwaka moto kwa siku nyingi. Makampuni ya bima yalipandisha ada, na wafanyabiashara wa maghala wakakasirika: mbona tunalipa sisi, tunaumia sisi, na bei mnapanga ninyi? Kabla mwaka haujaisha wakaunda kampuni yao, Commercial Union. Wenye meli wa Kiingereza walikuwa wametangulia. Mwaka 1855 walianzisha chama cha kubebana hasara za madai ambazo wenye bima wa kawaida hawakuzitaka. Vyama vya namna hiyo vimekua hata leo hulinda karibu asilimia 90 ya uzito wa meli za bahari kuu duniani. Meli yoyote kubwa unayoiona ikikata maji mbele ya Kilifi kuelekea Kilindini, yaelekea iko kwenye kasha la wenye meli wenyewe. Ngalawa iliyo mbele yake haimo.

Moja ya kampuni za bima za mwanzo kusajiliwa Afrika Mashariki yenyewe ilizaliwa Mombasa mwaka 1937: Jubilee. Jina lilitokana na yubile ya Aga Khan wa tatu, kiongozi wa Waismaili, na wazo lilikuwa la jamii yake iliyoamua kuacha kupeleka ada zake ng'ambo. Kitabuni haikuwa bima ya nyumbani kwa maana ya sheria ya leo, kwa kuwa ilimuuzia yeyote. Rohoni ilikuwa hivyo. Baada ya uhuru, serikali ilifanya kwa jina la taifa kile jamii ile ilichofanya kwa jina la dini: Kenya National Assurance mwaka 1964, kisha shirika la bima mtawanyo la Kenya Re lililoanza kazi Januari 1971, huku sheria ikiamuru makampuni yapeleke kwake sehemu ya biashara yao ili fedha zisitoke zote. Vyama vya ushirika vilianza na wakala wao wa bima mwaka 1968. Mwaka 1978 wakala ule ukapata leseni ya kuwa kampuni kamili, ndiyo CIC tunayoijua. Kahawa, maziwa na korosho za mkulima mdogo zilikuwa zimepata mlango. Kenya National ilianguka mwaka 1996, na walioumia zaidi ni waliokuwa wamelipa miaka mingi kwa uaminifu. Mali bila daftari huisha bila habari, na hakuna mali iliyo rahisi kuisha bila habari kuliko akiba ya hasara ambayo bado haijatokea.

Jina la bima ya nyumbani, au mateka ukipenda, lilitolewa na Fred Reiss, mtu wa Ohio. Miaka ya 1950 alikuwa akiishughulikia kampuni ya chuma ya Youngstown. Kampuni ile ilikuwa na migodi iliyotoa makaa na madini kwa tanuri zake tu, nayo migodi hiyo waliiita mateka. Reiss akauliza kwa nini bima isiwe vivyo hivyo, kampuni ya kulihudumia tumbo moja. Sheria za majimbo ya Marekani zilidai mtaji mkubwa na makaratasi mengi, kwa hiyo mwaka 1962 akahamia Bermuda, kisiwa ambacho wakati huo hakikutoza kodi ya mapato na kilichokuwa tayari kusikiliza. Vikafuata Guernsey, Cayman na kisiwa cha Man. Mwaka 1981 jimbo la Vermont likatunga sheria yake ili biashara irudi Marekani. Leo kampuni za namna hii zipo zaidi ya 6,000 duniani.

Zilikua kwa mawimbi. Kila mara soko la bima linapokauka, ada zikapaa na mikataba ikajaa mambo yasiyolipwa, makampuni hukimbilia makasha yao. Katikati ya miaka ya 1980 mahakama za Marekani zilitoa fidia kubwa hata wenye bima wakakataa kabisa kuandika baadhi ya hatari. Makampuni makubwa yalichangishana yakaunda ACE mwaka 1985 na XL mwaka 1986, zote zikiendeshwa kutoka Bermuda. Yaliyofuata ndiyo yanayonifurahisha na kunisikitisha kwa pamoja. ACE ilikua, ikauza hisa kwa umma, na mwaka 2016 ikainunua Chubb na kuchukua jina lake. Leo ni mwenye bima mkubwa kama wale waliokimbiwa. Commercial Union ya wafanyabiashara wa Tooley Street iko tumboni mwa Aviva. Jubilee ya Mombasa iliuza sehemu kubwa ya biashara yake ya bima ya kawaida kwa Allianz ya Ujerumani, mauzo yaliyotangazwa mwaka 2020. Kasha la nyumbani likijaa huwa na tabia ya kuota miguu, na mwenye nyumba hujikuta amekuwa mteja tena.

Kuna lawama nyingine, nayo ni nzito. Ada zinazolipwa kwa kampuni yako mwenyewe kisiwani hupunguza faida unayoionyesha nyumbani, na kodi hupungua nayo. Mamlaka ya kodi ya Marekani imepigana na wajanja wa jambo hili kwa miongo. Mwamba ngoma huvuta kwake, na kisiwa nacho hakikujitolea bure: Mauritius ilipotunga sheria yake ya bima za namna hii mwaka 2015, iliwapa msamaha wa kodi wa miaka kumi. Sheria ya Kenya hairuhusu mali iliyoko nchini ikatiwe bima kwa kampuni isiyosajiliwa hapa bila idhini. Kwa hiyo kampuni ya kimataifa yenye hoteli au kiwanda mwambao hukatiwa bima na kampuni ya Nairobi, ambayo hubaki na kipande chembamba na kusukuma kilichobaki hadi kasha la mwenye hoteli huko visiwani. Karatasi ni ya Kenya. Fedha zimeshapanda ndege.

Pwani ilipata somo lake la soko kukauka Novemba 28, 2002. Siku hiyo hoteli ya Paradise pale Kikambala ililipuliwa, wakafa watu 13, Wakenya 10 na Waisraeli 3, na makombora yakarushwa kwenye ndege ya Waisraeli ilipokuwa ikiondoka Mombasa. Wenye bima mtawanyo wa dunia walikuwa wameshaanza kuuondoa ugaidi kwenye mikataba ya kawaida ya majengo tangu Septemba 2001. Wenye hoteli wa Kilifi, Watamu na Malindi wakakuta hofu yao kubwa kuliko zote ndiyo isiyouzika. Kwa bahati, mwaka 2001 nchi za COMESA zilikuwa zimeunda wakala wa bima ya biashara, ATI, wenye makao Nairobi, kwa msaada wa Benki ya Dunia, na vurugu za kisiasa na ugaidi vikaja kuwa kati ya mambo uliyoyabeba. Lilikuwa kasha la serikali kadhaa kwa pamoja, hofu ya Malindi ikachanganywa na hofu za nchi nyingine zisizolipuka siku moja.

Aliyejaribu bila kuchanganya ni mwenye matatu. Miaka ya nyuma makampuni ya bima yalichoka na magari ya abiria: ajali nyingi, madai ya kughushi, mawakili wenye njaa. Wenye magari wakaingia wenyewe kwenye biashara, na kampuni chache zikajaa hofu ya aina moja, ya barabara zile zile. United Insurance iliwekwa chini ya msimamizi mwaka 2005, Blue Shield mwaka 2011. Abiria aliyevunjika mguu kati ya Mtwapa na Malindi alishinda kesi mahakamani akabaki na karatasi. Wapo wanaosema tatizo lilikuwa ufisadi tu, na ufisadi haukukosekana. Lakini hata kwa uaminifu wa malaika, kasha lililojaa matatu peke yake lingetoboka.

Sasa turudi Ganze na Magarini, kwenye ukame, kwa sababu hapo ndipo hadithi ya Bermuda inapogeuka. Mwaka 2012 Umoja wa Afrika uliunda wakala wa kukabili majanga, African Risk Capacity, na mwaka 2014 wakala huo ukazaa kampuni ya bima inayomilikiwa kwa pamoja na nchi wanachama, iliyosajiliwa, naam, Bermuda. Kenya ilikuwa kati ya nchi nne zilizoingia mwaka wa kwanza, pamoja na Senegal, Niger na Mauritania. Hesabu ni ya Lisbon ya karne ya 14: wenye hatari wanachanga, wenye hatari wanalipana, na kwa kuwa ukame wa Sahel na ukame wa Pwani ya Kenya huwa hauji mwaka mmoja, kasha moja dogo linatosha wengi. Msimu ule ule wa kwanza nchi tatu za Sahel zililipwa zaidi ya dola milioni 26.

Malawi nayo ikaonyesha upande wa pili. Katika ukame wa 2015 na 2016 mtambo wa kukadiria wa mfuko huo, unaosoma mvua kwa satelaiti, ulisema hali si mbaya. Watu walikuwa na njaa. Ilibidi kuchunguzwa upya aina ya mahindi ambayo wakulima walipanda kweli, ndipo fidia ya dola milioni 8 hivi ikatoka, kwa kuchelewa. Satelaiti si jambo geni kwetu: kutoka majukwaa ya San Marco baharini karibu na Malindi, Waitalia na Wamarekani walirusha Uhuru, satelaiti ya kwanza ya kuchunguza miale ya eksirei za angani, Desemba 12, 1970. Chombo cha angani huona mengi. Hakijui mkulima amepanda mbegu gani mpaka mtu aende akamuulize.

Kwa Waislamu wa mwambao kulikuwa na kizuizi kingine. Bima ya kununua na kuuza hofu ina harufu ya kamari na ya jambo lisilojulikana, na Baraza la Fikihi la nchi za Kiislamu lilisema hivyo Jeddah mwaka 1985, likaelekeza kwenye takaful, ambapo washiriki huchanga kama sadaka ya kusaidiana na ziada huwarudia. Kampuni ya kwanza ya aina hii ilifunguliwa Sudan mwaka 1979. Kenya ilipata ya kwake mwaka 2011. Mtu akinieleza takaful na bima ya nyumbani bila kuyataja majina, naona shida kuzitofautisha. Zote mbili zinamweka mchangaji kuwa mwenye kasha. Tofauti iko katika nani anaalikwa: moja ilijengewa tajiri wa chuma, nyingine inapaswa kumtosha mvuvi.

Je, mvuvi wa Malindi anaweza kuwa na lake? Tangu kanuni za mwaka 2007, kila diko lina kamati yake ya usimamizi wa ufuo, yenye wanachama, ofisi na daftari. Huo ni mwanzo mzuri kuliko waliokuwa nao wafanyabiashara wa Tooley Street. Lakini ukweli usifichwe: kamati za Malindi, Watamu, Ngomeni na Kilifi zikichanga peke yao zitakuwa ni matatu za baharini. Kusi moja kali, vyombo vyote vinalala. Tsunami ya Desemba 2004 ilifika huku imechoka, ikaua mtu mmoja tu nchini Kenya, hapa hapa eneo la Malindi. Ingekuja na nguvu yake yote, kasha la mwambao lingezama pamoja na mitumbwi.

Wavuvi wa Karibi wamepata njia. Mfuko wa majanga wa nchi zao, CCRIF, ulioanzishwa mwaka 2007 na kusajiliwa Cayman, ulizindua mwaka 2019 bima ya wavuvi kwa Grenada na Saint Lucia. Serikali hulipa ada. Bahari ikichafuka kupita kiwango kilichoandikwa, pesa hutoka bila mkadiriaji kuja kuhesabu mbao, zikamfikia mvuvi, mchuuzi na mama anayekaanga samaki. Kimbunga Beryl kilipoipiga Grenada Julai 2024, zililipwa. Kiwango hupimwa kwa mawimbi, upepo na mvua, vitu ambavyo mvuvi wetu huvijua kwa ngozi ya uso. Mchango wa diko ungebeba hasara ndogo za nyumbani, injini iliyoharibika, nyavu iliyochanika. Kusi iliyopindukia ingebebwa na mfuko mkubwa wa nchi nyingi. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, wanasema, na ndiyo maana tajiri wa samaki anaweza kuubeba wa wavuvi kumi akatembea.

Kaunti ya Kilifi ilikuwa na watu 1,453,787 katika sensa ya 2019, na bima nchini Kenya bado iko chini ya asilimia 3 ya pato la taifa. Wabunge wa kaunti wakiamua kuleta hoja ya bima ya wavuvi, kazi ya kwanza haihitaji Bermuda wala mwanasheria. Kila nahodha aweke daftari kwa msimu mmoja, kaskazi hadi kusi: upande mmoja aandike bei aliyolipwa mizanini, upande wa pili bei ya samaki huyo huyo sokoni siku hiyo. Mwisho wa msimu ajumlishe tofauti. Hiyo ndiyo ada anayolipa sasa.